Gemu Inalagi, Mashine Inazima: Tatizo Liko Wapi?

Fundi yeyote wa kompyuta, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, analijua lalamiko hili. Mteja kaja na mashine ya gemu, ina taa za rangi zote, kaitolea fedha nzito, na neno lake ni moja tu: inasumbua. Ukimdadisi inasumbua vipi, hapo maneno yanaanza kuchanganyika. Mara inalagi, mara inaganda, mara inajizima, mara inaleta skrini ya bluu. Kwake hilo ni tatizo moja. Kwa fundi anayejua kazi yake ni matatizo manne, na dawa ya moja yaweza kulizidisha jingine.

Mwenye mashine akishaona inasumbua, silika yake humpeleka kwenye kuongeza. Anaongeza volti, anaongeza kasi ya RAM, anaongeza feni, na akiishiwa subira ananunua kadi mpya ya michoro. Mashine nyingi za aina hii haziugui kwa kukosa kitu. Zinaugua kwa sababu zilikwisha kuongezewa vitu, mara nyingi na mtu mwingine, kabla mwenyewe hajaziwasha kwa mara ya kwanza. Kazi ya kwanza ni kuivua mashine kila ilichovishwa, kisha kuangalia kama bado inalalamika.

Lakini kwanza tutenganishe malalamiko. Mashine inayozima papo hapo, kama mtu kachomoa waya ukutani, bila skrini ya bluu wala ujumbe, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na shida ya umeme au joto. Ikiwaka tena, Windows huandika kwenye kumbukumbu zake za matukio kosa liitwalo Kernel-Power 41, na watu huliona hilo wakahukumu kwamba pawa saplai imekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kosa 41 linasema tu kwamba Windows imeamka na kukuta haikufungwa vizuri. Halisemi nani aliyeizima. Skrini ya bluu huelekeza zaidi kwenye RAM, prosesa au draiva. Gemu ikijifunga peke yake na kukurudisha kwenye Windows, mshukiwa aweza kuwa gemu yenyewe, draiva ya kadi, au hata prosesa, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ama kukwama kwa sehemu ya sekunde kisha picha ikaendelea, hilo ni somo la peke yake na nitalifikia. Kuna na kulagi kwa mtandao, ambapo picha inakwenda laini lakini adui anaruka kutoka pembe hii hadi ile. Hapo BIOS, yaani programu ya msingi inayokaa kwenye bodi, haihusiki, na kuigusa ni kutafuta balaa.

Kosa linalofaa kutafutwa kwenye kumbukumbu hizo za matukio ni lile linaloandikwa na WHEA-Logger, kwa maana huyo ndiye anayepokea taarifa za vifaa vyenyewe vikikamata hitilafu ndani yao. Kwenye prosesa za Ryzen, tukio namba 18 hutaja hadi namba ya APIC, ambayo inakuonyesha kiini kipi kimekosea. Namba ikiwa ileile kila mara, na mwenye mashine alikuwa ameshusha volti za viini kwa Curve Optimizer baada ya kutazama video fulani, uchunguzi umekaribia kwisha. Kiini hicho kimenyimwa volti kuliko kinavyoweza kuvumilia. Kirudishie chake, kisha upime upya.

Kisa kilichoifunza dunia ya gemu mambo haya kwa gharama kubwa ni cha prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14. Mwanzoni mwa 2024, wachezaji wa gemu zilizojengwa juu ya Unreal Engine, Tekken 8 ikiwamo, walikuwa wakikutana na ujumbe wa ajabu: kumbukumbu ya video imeisha. Mtu ana RTX 4090 yenye gigabaiti 24, gemu haijafika hata kwenye menyu, anaambiwa kumbukumbu imeisha. Watu walibadili draiva, wakabadili kadi, wakaifuta Windows na kuiweka upya. Kadi hazikuwa na kosa lolote. Gemu hizi zinapowaka hufungua data iliyobanwa na kuandaa sheda, yaani vile viprogramu vinavyoiambia kadi namna ya kuchora kila uso na kila kivuli, na kazi hiyo huvipiga viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Prosesa ikikosea hesabu katikati ya kufungua, kinachotoka ni data iliyoharibika, na programu inayoipokea inabaki kubahatisha jina la kosa. RAD, tawi la Epic linalotengeneza Oodle, programu ya kubana data inayotumiwa na gemu nyingi, ndio waliosema waziwazi kwamba makosa hayo yanatoka kwenye prosesa. Walipendekeza kipimo rahisi: ingia BIOS, shusha kizidisho cha viini vikubwa kutoka 55 hadi 53, ufungue gemu tena. Ikifunguka, umejua.

Lawama za mwanzo ziliwaangukia watengenezaji wa madabodi, nao kwa sehemu walistahili. Intel imeandika kwamba Core i9-14900K ifanye kazi kwa hadi wati 253. Madabodi nyingi za bei ya juu zilikuwa zikiiachia wati 4096, namba ambayo maana yake ni kwamba hakuna kikomo. Sababu ni biashara. Wapimaji hulinganisha bodi zikiwa na mipangilio zilizotoka nayo kiwandani, na bodi inayoipita mwenzake kwa asilimia moja au mbili ndiyo inayosifiwa. Basi mnunuzi ambaye hajawahi kuingia BIOS maishani alikuwa anamiliki mashine iliyosukumwa kupita vipimo vya mtengenezaji wa prosesa, na hakuna aliyemwambia.

Kisha ikadhihirika kwamba Intel nayo haikuwa safi. Julai 2024 ilikiri kwamba maikrokodi yake yenyewe, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volti kubwa isivyostahili. Agosti ikatoa maikrokodi 0x129 iliyozuia maombi yanayozidi volti 1.55. Septemba ikaja 0x12B pamoja na maelezo ya chanzo: ndani ya kiini kuna saketi ya saa ambayo, ikikaa kwenye volti na joto kubwa, huchakaa hadi volti ya chini kabisa inayoihitaji ili ifanye kazi inapanda. Ikishapanda haishuki. Kwa hiyo sasisho linazuia uharibifu usiendelee, ila prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponyi. Hii ndiyo sababu kuna mashine zilizokaa mwaka mzima zikiwa nzima, kisha zikaanza kufa gemu moja baada ya nyingine, na mwenyewe anaapa kwamba hakugusa kitu. Alikuwa anasema kweli.

AMD nao walipita tanuri lao. Aprili 2023 zilianza kuonekana picha za prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, zikiwa zimeungua pamoja na soketi. Madabodi zilipowashiwa EXPO, mpangilio wa kuipa RAM kasi, zilikuwa zinapandisha pia volti ya sehemu ya prosesa inayohudumia RAM, tena nyingine bila kiasi. AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kupitia masasisho ya BIOS. Angalia kufanana kwa visa hivi viwili: mtumiaji hakuomba volti ile. Aliwasha kitufe kimoja, au hakuwasha hata kimoja, na bodi ikaamua yaliyobaki.

Hapo tunafika kwenye RAM, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mshukiwa anayeachiwa huru mara nyingi kuliko wote. XMP ya Intel na EXPO ya AMD zinauzwa kana kwamba ni haki ya mnunuzi. Boksi limeandikwa 6000, basi lazima iende 6000. Kumbe ile 6000 ni ahadi ya muuza RAM, na prosesa haikuwa sehemu ya mkataba huo. Ryzen 7000 inaahidi rasmi DDR5 ya 5200 kwa vijiti viwili. Ukijaza vijiti vinne, ahadi rasmi inaanguka hadi 3600. Mtu ana vijiti viwili vinavyokwenda vizuri, anapata vingine viwili vya aina ileile kwa bei ya kutupa, anavichomeka, anaacha EXPO ikiwa imewashwa, na kuanzia siku hiyo gemu inajifunga kila baada ya dakika arobaini. Atalaumu Windows, atalaumu draiva ya NVIDIA, atalaumu joto la Dar es Salaam. Zima EXPO. Mashine ikitulia, umempata mhalifu bila kutumia hata senti. Ukitaka kasi yako irudi, ondoa vijiti viwili, au kubali kasi ya kati na uipime kwa MemTest86 usiku kucha, maana RAM mbovu hupenda kujificha kwenye vipimo vifupi.

Tahadhari moja kwa wenye mashine za DDR5, hasa za AMD. Ukibadili RAM au ukasasisha BIOS, mashine ikiwaka mara ya kwanza inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa. Inajifunza namna ya kuongea na vijiti hivyo. Usiizime! Bodi nyingi zimerudishwa dukani zikiitwa mbovu, kosa lake likiwa ni kwamba mwenyewe hakusubiri.

Kwa upande wa umeme, sisi wa Afrika Mashariki tuna ya kwetu ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafundi wa Ulaya. Kiwango cha ATX kwa miaka mingi kimeitaka pawa saplai iweze kuibeba mashine kwa milisekunde 16 hivi umeme ukikatika. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Taa ikipepesa kwa mzunguko mmoja au miwili tu, jambo ambalo jicho linaliona na kulisamehe, pawa saplai iliyobeba mzigo mzito imekwisha kuishiwa, na mashine inazima. Mchezaji anasema inajizima katikati ya gemu kali na haijizimi akitazama sinema. Ni kweli, na hiyo haimaanishi kwamba gemu ndiyo yenye kosa. Mzigo mdogo unavumilia pengo ambalo mzigo mkubwa hauwezi. Kabla ya kufungua boksi la kompyuta, muulize mteja kama feni ya dari nayo huwa inalegea kidogo wakati huohuo.

Stabilaiza haiponyi pengo hilo, kwa kuwa nyingi hurekebisha volti ya juu au ya chini lakini hazina betri. UPS inaponya, ila isomwe vizuri. Iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na mashine yenye kadi ya michoro ya wati 300 itaiangusha hapohapo inapohitajika. Tena UPS za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi-ngazi, na pawa saplai za kisasa zenye urekebishaji hai wa mkondo wakati mwingine hukataa umeme wa namna hiyo na kuzima. Mtu kanunua kinga, kinga ndiyo inayozima. Kama huwezi kupata UPS ya mawimbi laini, punguza mzigo: kadi nyingi ukizishusha kikomo cha wati kwa asilimia 15 au 20 kupitia MSI Afterburner hupoteza fremu chache mno ukilinganisha na utulivu unaoupata.

Kadi zenyewe pia zina tabia ya kushtua. Tangu kizazi cha RTX 30 kilichotoka 2020, kadi kubwa zimekuwa zikivuta umeme kwa mikupuo ya ghafla inayozidi sana wati zilizoandikwa kwenye boksi, na pawa saplai nzima kabisa ikajikinga kwa kuzima. Kiwango cha ATX 3.0 cha 2022 kiliandikwa kwa kulijua hilo. Pawa saplai kubwa za kiwango hicho zinatakiwa kustahimili hadi mara mbili ya uwezo wao kwa maikrosekunde 100.

Upande wa pili wa soko letu ni mashine za ofisini zilizotumika, OptiPlex na EliteDesk, zinazofunguliwa na kuwekwa kadi ya michoro ili ziitwe za gemu. Si jambo baya. Nazipenda. Lakini zile ndogo zina pawa saplai ya wati mia mbili na kitu, nyingi zikiwa na plagi za kampuni yenyewe ambazo hazilingani na za kawaida. Soketi ya kadi hutoa hadi wati 75, kwa hiyo GTX 1650 isiyo na waya wa ziada inatosha pale. Ukiona fundi ameunga waya wa kadi kubwa kutoka kwenye waya wa diski, ondoka na fedha zako.

Joto halihitaji maneno mengi. Ryzen 7000 imeundwa kufika nyuzi 95 ikiwa kwenye kazi nzito, kwa hiyo namba hiyo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni kasi inapoporomoka joto likipanda. Joto la chumba likiongezeka nyuzi 8, prosesa nayo itapanda karibu kiasi hichohicho. Vumbi, chumvi ya pwani na grisi iliyokauka juu ya prosesa vinafanya yaliyobaki. Safisha kwanza, pima baadaye.

Sasa kukwama. Wengi wanapima gemu kwa wastani wa fremu kwa sekunde, na wastani unaficha mambo. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7. Fremu moja ikichukua milisekunde 100 na nyingine zikafidia, wastani utabaki mzuri na jicho lako litakuwa limekwisha kuumia. Mwaka 2011, Scott Wasson wa The Tech Report aliandika makala iliyowafanya wapimaji waanze kuhesabu muda wa kila fremu. Leo CapFrameX inakuchorea mstari huo bure. Ukitazama mstari, unaanza kutofautisha. Mwiba unaotokea mara ya kwanza unapoona mlipuko wa aina fulani, na haurudi mara ya pili, ni sheda inaandaliwa papo hapo. Mwiba unaotokea kila unapovuka mlango au daraja lilelile ni gemu inapakia eneo jipya. Star Wars Jedi: Survivor ya 2023 ilijulikana kwa hilo hata kwenye mashine za kifahari. Kwa aina zote mbili, BIOS haina la kukusaidia. Kosa ni la waliotengeneza gemu, na mtu anayekuuzia huduma ya kuiondoa kwa kurekebisha BIOS anakuuzia hewa.

Kuna kukwama ambako vifaa vinahusika kweli. RAM ya kijiti kimoja ni kisa cha kila siku: prosesa inapata nusu ya upana wa njia, wastani unashuka kidogo lakini fremu mbovu zinazidi kuwa mbovu. Weka viwili, kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Vilevile gigabaiti 8 na diski ya kuzunguka havitoshi tena kwa gemu mpya. Pesa ya SSD itakufaa kuliko pesa ya ovakloki yoyote.

Na kuna kisa kimoja ambacho kweli kilikaa ndani ya BIOS. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ikitaka TPM, yaani sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, watu wengi wenye Ryzen waliwasha fTPM, ile iliyojengwa ndani ya prosesa. Baadhi ya mashine zikaanza kukwama kwa sekunde moja au mbili, sauti ikikwaruza pamoja na picha, mara chache tu kwa siku. Machi 2022 AMD ilithibitisha: fTPM ilikuwa ikiisoma ile chipu ya kumbukumbu ya BIOS kwenye bodi kwa muda mrefu kupita kiasi, na mashine nzima ikasubiri. Dawa ilikuja kwenye masasisho ya BIOS yenye AGESA 1.2.0.7, ule msimbo wa AMD unaokaa ndani ya BIOS. Mwenye bodi ya AM4 iliyotumika, ambayo haijaguswa tangu 2021, bado anaweza kuwa na ugonjwa huo leo. Ila kabla ya kusasisha BIOS au kuzima TPM, hakikisha una ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, usije ukajifungia nje ya diski yako mwenyewe.

Kusasisha BIOS kwenyewe kufanywe siku umeme umetulia, mashine ikiwa kwenye UPS, na faili liwe la bodi hiyohiyo hadi toleo la mwisho la jina lake. Bodi yenye kitufe cha Flashback ni bora, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaweza kurudia. Sasisho likikamilika, mipangilio yako yote imefutika. Usiirudishe kwa mkupuo. Ikae siku kadhaa ikiwa tupu, ndipo uwashe EXPO peke yake, na jambo jingine baada ya hapo, ukiandika kwenye karatasi ulichobadili. Mtu anayebadili vitu vitano kwa jioni moja na mashine ikapona hajui kilichoiponya, na siku ikirudi kuugua ataanza upya.

Kwa wenye Intel ya kizazi cha 13 na cha 14 kwenye mashine za mezani, kampuni iliongeza miaka miwili kwenye dhamana ya prosesa zilizoathirika, hivyo zile zilizouzwa kwenye boksi lake zina miaka mitano tangu siku ya kununuliwa. Za kwanza kabisa ziliingia sokoni Oktoba 2022, na dhamana zao zitaanza kuisha Oktoba 2027. Kama yako inaleta ule ujumbe wa kumbukumbu ya video hata baada ya BIOS mpya na mipangilio ya Intel yenyewe, acha kuipunguzia na kuiongezea. Tafuta risiti, uidai mpya. Na ukiinunua iliyotumika, muulize muuzaji BIOS yake ilisasishwa lini kabla hujauliza bei.